Mawimbi ya uvutano yanapima, hayathibitishi

Kila zikitoka habari za mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayosafiri ulimwenguni, utasikia: "Einstein amethibitishwa tena." Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na naona neno limebebeshwa mzigo usio wake.

Mawimbi hayo hutumika kumpima Einstein pamoja na wapinzani wake, nadharia za uvutano zilizorekebishwa. Hizo ni zile zinazobadilisha milinganyo ya uhusianifu wa jumla, nadharia ya uvutano ya Einstein ya 1915, mara nyingi ili kueleza kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, bila kuhitaji nishati ya giza, ile nishati isiyojulikana inayodhaniwa kuusukuma. Kuzipima ni kulinganisha wimbi lililonaswa na lile ambalo kila nadharia ilitabiri. Basi.

Sasa hilo neno. Thibitisha linatokana na thabiti, lenye asili ya Kiarabu: imara, kisichotikisika. Ukisema nadharia imethibitishwa, umesema haitatikisika tena. Kupima ni kitendo kingine kabisa. Daktari akipima damu yako asione vijidudu vya malaria, amepunguza shaka ya malaria. Hajathibitisha kwamba u mzima.

Chukua tukio la Agosti 17, 2017. Vigunduzi vya LIGO huko Marekani vilinasa mawimbi ya nyota mbili za nyutroni (mabaki yaliyosongamana mno ya nyota zilizolipuka) zilizogongana umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Sekunde 1.7 baada ya mgongano kusikika, setilaiti ya Fermi ikapokea mmweko wa miale ya gamma, aina ya nuru yenye nishati kubwa mno, kutoka huko huko. Safari ya miaka milioni 130, na wasafiri wawili wanaachana kwa sekunde 1.7! Lau mawimbi yangekuwa na kasi pungufu ya ile ya nuru kwa sehemu moja tu ya milioni, yangechelewa miaka 130. Nadharia kadhaa za familia ya Horndeski, kundi kubwa la nadharia zilizorekebishwa, zilizotaka kasi hizo mbili zitofautiane, zilianguka hapo.

Lakini nadharia ya wanafizikia Brans na Dicke ya 1961, nayo ikiwa imerekebishwa, haikuguswa, maana nayo inasema kasi ni ile ile. Imefaulu kipimo kile kile alichofaulu Einstein. Je, nayo imethibitishwa?

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, andika kwamba uhusianifu wa jumla umepita kipimo kingine. Kisha utaje kilichoanguka, kwa sababu habari yenyewe iko hapo: wimbi la 2017 lilizikataa nadharia zilizotaka uvutano usafiri kwa kasi tofauti na nuru.