Vitamini ni nini, na kwa nini tunazimwaga na maji ya mboga

Vitamini ni virutubisho ambavyo mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini hauwezi kujitengenezea vya kutosha, hivyo lazima vitoke kwenye chakula. Hazitii nguvu kama ugali. Kazi yake ni kuwezesha kazi nyingine: macho yaone giza linapoingia, damu itengenezwe, kidonda kifunge. Ziko 13: A, C, D, E, K na nane za kundi B. D ina njia yake, maana ngozi huitengeneza ikipigwa na jua.

Kwa mpishi, jambo kubwa ni hili: C na zile za kundi B huyeyuka kwenye maji, A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta.

Chukua fungu la mchicha. Wengi tunaukatakata kwanza, ndipo tunauosha, kisha tunauchemsha na kuukamua. Yale maji ya kijani yanayomwagwa yameondoka na vitamini C na foleti, ambayo ni ya kundi B. Inaniuma kila ninapoona, kwa sababu virutubisho hivyo ndivyo tulivyoufuatia mchicha sokoni. Osha majani yakiwa mazima, kata, bandika, funika, epua baada ya dakika chache.

Vitamini A ni habari nyingine. Matembele, kisamvu, boga, karoti, viazi lishe na embe bivu vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila bila mafuta hainyonywi vizuri. Ndiyo maana matembele ya tui la nazi na kisamvu cha karanga ni mapishi ya kuheshimiwa. Bibi zetu walipatia kabisa.

Kwenye unga, mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha hindi, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B. Pumba huenda kwa kuku, sisi tunabaki na sembe nyeupe. Dona huzibakiza.

B12 usiitafute kwenye mboga za majani. Iko kwenye dagaa, mayai, maziwa, nyama na maini.

Na vitamini C? Watu hukimbilia chungwa, kumbe pera linalipita mbali, na ganda lake lina nyingi pia. Lioshe tu, mpe mtoto alitafune zima.