Kwa nini utepe wa kwilti huanza kushonwa nyuma?

Kwilti ni blanketi la matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini. Ili kingo zisifumuke, hufunikwa kwa utepe uliokunjwa katikati kwa urefu wake. Anayemalizia kwa mkono huuanzisha utepe mbele, kisha huupindia nyuma. Anayemalizia kwa cherehani hufanya kinyume. Kwa nini?

Mshono wa mkono huweza kujificha ndani ya pindo. Mshono wa cherehani hutoboa matabaka yote na kuonekana pande zote mbili, lakini mshonaji huona upande wa juu peke yake. Mshono wa mwisho ndio wenye kazi ngumu, kwani hupita milimita 1 au 2 tu kutoka kwenye pindo. Ukianza nyuma, mshono huo utaupiga upande wa mbele huku unautazama. Ukianza mbele, utaupiga kwa kubahatisha, na ukigeuza kazi utakuta mahali fulani sindano imeukosa utepe kabisa.

Vipimo navyo vina neno. Utepe wa sentimita 6, ukikunjwa, hubaki sentimita 3. Mshono wa kwanza ukipita milimita 8 kutoka ukingoni, pindo likija mbele huuvuka mshono huo kidogo tu, na hapo ndipo sindano hupita. Kwa nyuma utaonekana mstari mmoja kandokando ya utepe, kwa hiyo uzi wa bobini, yaani uzi wa chini wa cherehani, uwe wa rangi ya kitambaa cha nyuma. Pamba ikiwa nene, ongeza upana wa utepe; jaribu kwanza kwenye kipande, ni dakika chache zinazookoa kazi nzima.

Kwenye kona, simama milimita 8 kabla ya mwisho, ondoa kazi, kunja utepe uelekee juu, kisha urudishe chini sambamba na ukingo unaofuata. Hiyo nafasi isiyoshonwa ndiyo inayouwezesha utepe kulala kimshazari ukishapinduliwa.

Na utepe ukijaa mawimbi je? Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, huku mguu wa cherehani, unaokandamiza kitambaa, ukikizuia cha juu. Utepe husukumwa mbele kidogo kidogo hadi ukajikunja. Mguu wenye meno yake juu huvuta matabaka yote kwa pamoja. Kama huna, weka pini kwa karibu na ushone polepole, bila kuuvuta utepe.