Breki zinasingiziwa: kelele zinazoanza baada ya kubadilisha shokapu

Mwezi uliopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea Toyota IST yake hapa gereji, Tabata. Shikamoo yangu hata hajaimaliza kuiitikia, akaanza: "Fundi mwanangu, hizi breki zitaniua."

Wiki mbili nyuma alikuwa amebadilishiwa shokapu za mbele na loa amu zote mbili (ile mikono ya chuma ya chini inayounganisha tairi na bodi) kwenye gereji nyingine. Alipotoka tu, gari likaanza kulia. Akarudi, akaambiwa pedi zimekwisha. Akanunua pedi, kelele ikabaki vilevile. Akarudi tena, safari hii akaambiwa diski zina mawimbi, zikachongwe. Hapo ndipo akashtuka. Pedi za zamani alikuwa nazo kwenye buti, amezifunga kwenye gazeti. Nilipozifungua nikakuta zina zaidi ya nusu ya unene wake.

Tatizo ni kwamba huwezi kufanya kazi ya shokapu na loa amu bila kugusa breki. Hosi ya breki, bomba la mpira linalopitisha mafuta, imeshikizwa kwenye shokapu, mara nyingi pamoja na waya wa sensa ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Boljointi ya loa amu, kiungo chake cha upande wa tairi, imeshika chuma kilekile kinachobeba diski na kalipa, yaani kile kinachobana pedi kwenye diski, na boljointi iliyoganda haitoki kwa maneno matamu, inatoka kwa nyundo. Kwa hiyo gari likija kwangu na kelele za namna hii, siulizi pedi zina muda gani. Nauliza fundi alifungua nini, halafu nauliza inalia wakati gani.

Hilo swali la pili ndilo lenye kazi. Kama inakwaruza shii, shii, shii kufuata mzunguko wa tairi, hata hujakanyaga breki, kwanza naangalia lile bati jembamba lililo nyuma ya diski. Kama inagongagonga kwenye barabara mbovu, na ukigusa pedali kidogo tu inanyamaza, basi pedi zinacheza: klipu zake zimesahaulika au zimewekwa vibaya. Kama inapiga "go!" mara moja unapokanyaga breki, na "go!" nyingine ukirudi nyuma na kukanyaga tena, kuna kitu kizima kinahama mahali pake. Na kama gari linakaribia kusimama, lami kavu, halafu pedali inatetemeka na kutoa "trrr" chini ya mguu, ABS imedanganywa na sensa iliyoguswa au kuchafuka.

Tukaingia barabarani na mzee, vioo chini. Nilipita taratibu kando ya ukuta mrefu, kwa sababu ukuta unakurudishia sauti, na unajua mara moja ni upande gani. Shii, shii, kushoto. Tuliporudi nikanyanyua, nikatoa tairi, nikazungusha diski kwa mkono. Kwenye bati palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa kama sarafu mpya, pale diski ilipokuwa inalilamba. Nyundo ya boljointi ilikuwa imelipiga likapinda. Nililivuta kwa vidole likarudi. Kazi ya dakika mbili, na pedi mpya zilikuwa zimeshalipiwa.

Lakini gari lilikuwa na kelele ya pili, ile "go!" ya kukanyaga breki, na hiyo ilikuwa bado ipo. Tukaliweka gari juu ya shimo, mzee akakaa kwenye usukani, vijana wawili wakawa wanalisukuma mbele na nyuma huku yeye anakanyaga breki na kuachia. Mimi niko chini na tochi. Kalipa imetulia. Nikahamia kwenye loa amu, nikaona kila breki ikishika, mguu mzima wa tairi unaruka kidogo kwenye bushi ya mbele, kiungo cha mpira kinachoshika loa amu kwenye bodi. Nikatia spana kwenye bolti yake, ikazunguka bila ubishi wowote. Haikuwa imekazwa mpaka mwisho. Breki zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kabisa. Kosa lao ni kuvuta kitu kilicholegea.

Bolti hiyo nayo haikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Ule mpira wa bushi umegandana na bomba lake la ndani. Ukikaza miguu ikiwa imeshuka, siku zote gari likikaa chini mpira unabaki umejinyonga, unalia, na unapasuka kabla ya wakati. Tairi zikanyage kwanza, ndipo ukaze. Halafu ukapime alaimenti, yaani mkao wa tairi, hilo halina mjadala ukishabadilisha loa amu.

Kuna kitu kimoja ambacho huwa nakuwa mkali nacho kwa vijana wangu: kuiacha kalipa ining'inie kwenye hosi yake. Inatakiwa ifungwe juu kwa waya. Hosi ikivutwa na ule uzito inaweza kuchanika ndani huku nje ni nzima. Mafuta ya breki yanaingia ukikanyaga, ila kurudi yanasitasita, na pedi inabaki imebana. Tembea mwendo wa kawaida, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu: moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, usiendelee na safari. Vivyo hivyo kama klipu ya hosi haikurudishwa na usukani ukikatwa mpaka mwisho hosi inagusa tairi. Gari la hivyo silitoi getini.

Nati za tairi nilizikaza kwa spana ya kipimo, Nm 103 kwa Toyota hizi ndogo, nikampa mzee funguo. Akauliza, na hizi pedi za kwenye gazeti? Nikamwambia asizitupe, zina maisha bado. Akazifunga upya, akazirudisha kwenye buti.