Michezo jumuishi maana yake nini?

Neno lenyewe siku hizi halikosekani. Limechapwa kwenye fulana za bonanza, wageni rasmi wanalitaja jukwaani, walimu wa michezo wanarudi nalo kutoka semina. Lakini muulize aliyeivaa hiyo fulana, mara nyingi atakwambia michezo jumuishi ni "michezo ya walemavu". Sivyo.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana hapa kinatusaidia. Kujumuika ni kuja kuwa pamoja na wenzako: mtu anajumuika kwenye maulidi, kwenye harusi, kwenye kikao cha mtaa. Anakuja mwenyewe. Kujumuisha ni kazi ya mwingine, kwamba yupo anayewafanya watu wawe pamoja. Basi mchezo jumuishi ni ule uliopangwa, na ikibidi ukapanguliwa na kupangwa upya, ili watu wenye uwezo mbalimbali wacheze pamoja na kila mmoja awe mchezaji kamili. Wa kwanza kubadilika ni mchezo. Yule aliyesimama pembeni na magongo yake, zamu yake inakuja baadaye.

Hapa Tanga nimeiona tofauti hiyo kwa macho, na wala haikuwa kwenye bonanza. Ilikuwa chandimu ya jioni huko Makorora, kwenye kiwanja cha mchanga chenye magoli ya matofali. Kijana mmoja, mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, alikuwa haikosi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuokota mpira ukitoka nje na kutunza simu za wenzake. Wote walimpenda, na ungewauliza wangeapa kwamba hawamtengi.

Siku moja wakamwingiza. Mpira ukasogezwa mpaka mbele ya magongo yake, mabeki wakasimama kama minazi, kipa akajirusha upande usio na mpira. Goli! Kelele, vigelegele, mtoto kabebwa juu juu. Yeye alicheka, lakini wiki iliyofuata alirudi kwenye kuokota mpira, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Goli la huruma mfungaji analijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kilichobadilisha mambo ni kitu kidogo. Mmoja wa wale wakubwa, fundi baiskeli ambaye hata soka lake ni la kubahatisha, alisema wapunguze kiwanja nusu, wacheze saba saba, na asiye na magongo asiguse mpira zaidi ya mara mbili kabla ya kutoa pasi. Pia kugusa gongo la mtu iwe faulo. Kiwanja kikawa kifupi, mbio zikapungua thamani, na ghafla kilichohitajika ni jicho na pasi. Kijana alikuwa na mguu wa kushoto wa hatari, ila miezi yote ile hapakuwa na aliyewahi kuuona. Goli lake la kwanza la halali lilipopita katikati ya matofali, kipa aliwatukana mabeki wake matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi kipimo changu cha ujumuishi tangu siku ile ni hicho: kipa akikasirika, mchezo ni wa kweli.

Sasa, hii haina maana kwamba mashindano ya watu wenye ulemavu peke yao ni kitu kibaya. Ni jambo jingine, lenye historia ndefu. Viziwi walikuwa na michezo yao ya kimataifa Paris mwaka 1924. Mwaka 1948, kule Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale kwa majeruhi wa vita waliokuwa kwenye viti mwendo, na kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki, ya kwanza ikifanyika Roma mwaka 1960. Sisi wenyewe tuna Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo, iliyocheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Mwenye kipaji anahitaji kushindana na walio sawa naye. Ila si kila mtoto wa Ngamiani au Chumbageni anatafuta medali. Wengi wanataka kucheza na majirani zao, basi.

Katikati ya hayo mawili kuna njia iliyopewa utaratibu na Special Olympics, taasisi ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968. Wanaunda timu moja yenye wachezaji wenye ulemavu wa akili na wenza wasio na ulemavu huo. Kwenye soka la saba saba, uwanjani wanaingia wanne kwa watatu. Idadi hiyo ina akili: wenza wakizidi, watapasiana wao kwa wao.

Upo pia mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa namna unavyomgeuza mtu kibao, nao ni golboli. Ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu ina watu watatu, uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na goli limeenea upana wote huo. Mpira una kengele ndani, uzito wake kilo 1.25, unaviringishwa kwa mkono, na wanaozuia wanajilaza chini ubavu ubavu kuuziba kwa mwili mzima. Kila mchezaji anafungwa macho, hata anayeona kidogo, ili wote wawe sawa. Kwenye mashindano makubwa wanacheza wenye ulemavu wa kuona tu, lakini mtaani hakuna wa kumzuia mwenye macho yake kujifunga kitambaa na kuingia. Hapo ndipo utakapomwona mshambuliaji hodari wa mtaa anapapasa sakafu na kuuliza goli liko wapi, huku mwenzake asiyeona akimwelekeza kwa upole wa mwalimu wa chekechea. Watazamaji nao sharti wanyamaze, jambo ambalo kwa watu wa Tanga ni mtihani mkubwa kuliko wote.

Vifaa visikutishe. Mistari ya golboli inawekewa kamba chini ya tepu ili mchezaji aijue kwa kuipapasa, na kamba ya katani kwetu si kitu cha kuagiza nje. Mpira wenye sauti? Zamani walikuwa wanaufunga ndani ya mfuko wa nailoni, ukawa unachakarisha. Mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019, watu wakarudi kwenye ufundi wa utotoni: mpira wa matambara, katikati yake kopo lenye vizibo vya soda. Hauna uzito wa kisheria, lakini unasikika.

Kwa kiziwi, kinachohitaji kubadilishwa ni filimbi tu. Refa anapeperusha kitambaa, na wachezaji wote wakubaliane kusimama wakikiona. Ndiyo mabadiliko rahisi kupita yote, na ndiyo yanayosahaulika haraka kupita yote.

Wenye ualbino, shida yao wengine hawaioni kwa sababu miguu na mikono ni mizima. Jua la saa nane ni hatari kwa ngozi zao, na wengi wao uoni ni hafifu, mwanga mkali unawasumbua. Hapa cha kurekebisha ni saa. Mazoezi yakianza saa kumi na moja jioni, kofia pana na mikono mirefu vikaruhusiwa, mpira ukawa wa rangi inayojitenga na mchanga, mtu huyo anacheza. Yakianza saa nane, umemtenga bila kutamka neno.

Na tusijifanye haya yote yametoka ng'ambo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na halijawahi kumuuliza mtu kuhusu miguu yake. Asiyeona anahesabu kete kwa vidole, na wapo wanaokumbuka mashimo yote ya mpinzani wakati wewe mwenye macho umeshasahau ya kwako. Hata rede, ukifikiri vizuri, mrushaji aliyekaa kwenye kiti mwendo anamtesa wa katikati sawasawa na aliyesimama.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 30 inataja michezo waziwazi. Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Lakini sheria haimtoi mtoto nyumbani saa kumi jioni.

Hilo ndilo lililobaki, na kwangu ni zito kuliko kanuni za uwanjani. Mama anaogopa mwanawe atachekwa. Konda wa daladala anaona kiti mwendo kitamlia nafasi ya abiria wawili. Uwanja ninaoufahamu una ngazi tatu getini na hauna njia nyingine. Kwa hiyo kocha anayetaka kujumuisha anaanza kwa kugonga milango, anakunywa chai ya watu, anaeleza. Kikundi kimoja kilimaliza suala la usafiri kwa wazazi watatu kuchangia bajaji moja, kiti kinakunjwa na kufungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Mazoezi yao yanaanza saa kumi na moja kasoro robo, kwa sababu kabla ya hapo bajaji hiyo inarudisha wanafunzi.