Ng'ombe wa Chicago hawakuchongwa mmoja mmoja

Wengi wanaoona picha za ng'ombe wa sanamu waliopakwa rangi na kusimamishwa mitaani Chicago mwaka 1999 huamini mambo mawili: kwamba kila mmoja alichongwa na msanii wake tangu mwanzo, na kwamba wazo lenyewe lilizaliwa Marekani.

Imani hiyo inaeleweka. Huyu kajaa maua mwili mzima, yule kabandikwa vipande vya vioo. Nani angedhani ni ndugu? Lakini ndivyo walivyo. Walikuwa zaidi ya 300, na maumbo ya msingi yalikuwa matatu tu: aliyesimama, anayekula majani na aliyelala. Walitolewa kwenye kalibu kwa faibaglasi, ileile ya kutengenezea boti. Msanii alikabidhiwa ng'ombe asiye na pambo lolote, ndipo kazi yake ikaanza. (Sioni kama hilo linampunguzia heshima, mchoraji wa kanga naye hachagui ukubwa wa kitambaa.) Wapo waliokata na kuunga upya, ila walianzia palepale.

Wazo lilitoka Zürich, Uswisi, walikopanga ng'ombe mitaani mwaka 1998, na kabla yao simba mwaka 1986.

Ukitaka kuhakikisha, chukua picha mbili za ng'ombe waliosimama. Usitazame rangi, tazama shingo imegeukia wapi na mguu upi umetangulia. Ukikutana na sanamu ya aina hii ana kwa ana, igonge taratibu: faibaglasi hulia kama debe tupu, jiwe halilii. Kisha pitisha kidole chini ya tumbo. Mara nyingine utauhisi mshono ambao rangi imeuficha.