Nywele kukatika, kunyonyoka na upara: yanayoaminika na yaliyothibitishwa

Mtu akisema nywele zake "zinakatika", huenda anazungumzia mojawapo ya mambo mawili yasiyofanana. Okota nywele kumi kwenye kitana, uzitazame ncha zote mbili kwenye mwanga. Ukiona kijifundo cheupe upande mmoja, unywele huo umetoka na shina lake: umenyonyoka. Usipokiona, na ncha zote ni kavu na zimechanika, umekatika. Kukatika ni uharibifu wa unywele wenyewe, kwa dawa kali, pasi ya moto au kuchana kwa nguvu. Kunyonyoka ni habari ya kinyweleo, kile kitundu cha ndani ya ngozi ambamo unywele hutengenezwa. Kinyweleo kikiwa hai, nywele zinaweza kurudi. Kikishageuka kovu, hakuna mafuta wala kidonge kitakachokifufua. Ubaya mkubwa wa dhana nyingi zilizopo hapa ni kwamba zinakula muda wa mgonjwa hadi kovu linafika.

Kunyonyoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Aliyekaa na rasta wiki sita akifumua hukuta bonge la nywele zaidi ya 2,000 na kushtuka, kumbe ni zile za kila siku zilizokuwa zimenaswa ndani ya misuko.

"Msuko ukiuma ndiyo umekaa vizuri"

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote kwa wanawake wetu, na inarithishwa kwa watoto wakiwa bado wanakaa mapajani pa mama. Maumivu ni kinyweleo kinachovutwa kutoka kwenye ngozi. Vipele vidogo vinavyotokea pembezoni mwa paji la uso siku mbili baada ya kusukwa si joto wala uchafu wa rasta. Ni uvimbe unaozunguka mashina yaliyovutwa.

Matokeo yake ni upara wa kuvutwa, na si ugonjwa wa ngozi nyeusi peke yake. Maelezo ya mwanzo katika maandishi ya kitabibu ni ya mwaka 1907, kuhusu wanawake wa Greenland waliozoea kufunga nywele kwa kubana sana. Lakini kwetu misuko ni maisha, kwa hiyo idadi ni kubwa. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, uliukuta upara wa kuvutwa kwa asilimia 31.7 ya wanawake wazima waliochunguzwa, na kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule wenye miaka 6 hadi 21. Hatari iliongezeka zaidi pale nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha ziliposukwa au kushonewa wivingi. Sababu inaeleweka: dawa hiyo huvunja viungo vya kemikali vinavyoupa unywele nguvu, kisha mzigo wa rasta unaning'inizwa juu ya uzi uliokwisha kulegezwa.

Jinsi ya kuutambua: nywele zinapungua mbele na juu ya masikio, lakini mstari mwembamba wa nywele fupi unabaki ukingoni kabisa. Wasusi hawawezi kuzikamata kwa ufupi wake, ndiyo maana zimepona. Mstari huo humsaidia daktari kutofautisha upara wa kuvutwa na magonjwa mengine yanayokula paji la uso.

Katika miezi ya mwanzo tiba kuu ni kuacha kuvuta. Mwambie msusi alegeze safu ya mbele, au aziache nywele za pembeni nje ya msuko kabisa. Rasta nene na ndefu hadi kiunoni ni mzigo. Chagua fupi na nyepesi. Fumua kabla ya wiki nane, upumzike wiki kadhaa, na usirudie mtindo uleule unaovuta sehemu ileile. Ukitia dawa leo, usisuke kesho. Subiri angalau wiki mbili. Msuko ukiuma usiku huo, fumua usiku huohuo. Kumeza dawa ya maumivu ili ulale ni kunyamazisha kengele huku nyumba inaungua. Gundi ya wigi nayo huvuta inapobanduliwa, kwa hiyo ilainishwe kwanza kwa kiyeyushi chake.

Ngozi ikishakuwa laini, inang'aa, haina vitundu hata ukiikaribia kwa kioo cha kukuza, umri wa dawa ya kupaka umepita. Kinachobaki ni kupandikiza nywele, na hata hilo lina maana tu kwa aliyeacha kuvuta.

"Utosi unaomong'onyoka ni kosa la pasi ya moto"

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi waliokuwa wakipoteza nywele za utosini, wakalaumu kitana cha moto na kuuita upara wa kitana cha moto. Jina likabaki, lawama ikabaki. Baadaye wagonjwa wengi walionekana ambao hawakuwahi kukigusa. Leo ugonjwa huo, ambao madaktari huufupisha CCCA, unajulikana kuwa upara wa makovu unaoanzia katikati ya kichwa na kutanuka kama duara. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele, kwa takriban robo ya wagonjwa waliowapima. Joto na misuko vinaweza kuongeza madhara, ila mwanamke mwenye ugonjwa huu hajajiletea mwenyewe, na mabinti na dada zake wanafaa kuchunguzwa mapema.

Dalili za mwanzo hudharauliwa: kuwashwa, kuchoma au maumivu ya utosini, na nywele za hapo kukatika fupi kuliko zingine. Kuthibitisha kunahitaji kipande kidogo cha ngozi, kwa kawaida cha kipenyo cha milimita 4, kikatwe pembezoni penye nywele bado, si katikati palipokwisha kung'aa. Kipande cha katikati huonyesha kovu tu na hakisemi nini kilisababisha. Tiba hutuliza uvimbe: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali ya kupaka kwa maelekezo, sindano za triamsinoloni, ambayo nayo ni steroidi, kwenye ngozi ya kichwa kila baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi antibayotiki iitwayo doksisaiklini. Lengo ni kuulinda ukingo usizidi kutanuka. Anayeahidi kurudisha katikati anauza maneno.

"Kitunguu maji kinaotesha nywele, hata utafiti umesema"

Utafiti upo, na ndiyo maana dhana hii haifi. Ulifanywa Baghdad na kuchapishwa mwaka 2002: wagonjwa 23 walipaka maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, na wengi wao waliota nywele ndani ya wiki sita. Tatizo ni kwamba wote walikuwa na mabaka ya upara yanayotokana na kinga ya mwili kushambulia vinyweleo. Kinyweleo katika ugonjwa huo hakifi, kimenyamazishwa tu, na mabaka machache mara nyingi hujifunika yenyewe ndani ya mwaka. Idadi ilikuwa ndogo, na harufu ya kitunguu haifichiki: anayepaka na anayempima wote wanajua nani amepata nini. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwa upara wa wanaume wala kwa paji la uso lililovutwa na rasta. Mafuta ya nyonyo na ya nazi hulainisha na kupunguza kukatika, kazi ya maana, lakini hayaamshi kinyweleo.

Mabaka hayo ya ghafla, ya duara, yasiyo na magamba, ndiyo yanayosingiziwa uchawi zaidi. Mtu wa aina hii anaweza kupata nafuu kwa sindano za steroidi kwenye baka. Kwa waliopoteza nywele nyingi, barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Ni kidonge kinachozuia ishara ambazo seli za kinga hutumia kushambulia. Ni ghali, hudhoofisha ulinzi dhidi ya maambukizi, na wengi hupoteza nywele tena wakiiacha.

"Upara unarithiwa kwa mjomba tu"

Jeni moja muhimu, ya kipokezi cha homoni za kiume, iko kwenye kromosomu X ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Hapo ndipo pana ukweli kidogo. Lakini uchambuzi wa wanaume zaidi ya 52,000 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta maeneo 287 ya jeni yanayohusika, mengi yakiwa nje ya X. Baba naye anachangia. Kofia haichangii, na kunyoa hakuongezi unene wa nywele: jambo hilo lilipimwa tangu 1928.

"Minoksidili iliniharibu, nilipoanza zikazidi kunyonyoka"

Minoksidili ni dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Kati ya wiki ya pili na ya nane hilo hutokea kweli, na mara nyingi ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Hufupisha kipindi ambacho unywele mkongwe umepumzika, mpya unausukuma nje. Anayeacha wiki ya tano amelipa gharama yote na kuondoka kabla ya kupokea.

Ilianza kama kidonge cha presha, mwaka 1979, na nywele zilizoota mwilini mwa wagonjwa ndizo zilizofungua njia ya dawa ya kupaka mwaka 1988. Kipimo cha maji yake ni mililita 1 mara mbili kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 60 inakwisha kwa mwezi. Ikidumu miezi mitatu, unapaka pungufu. Tenganisha nywele, dondoshea kwenye ngozi iliyo kavu, si juu ya nywele. Nawa mikono, uache ikae kwa muda wa saa nne kabla ya kuosha, na usiku upake mapema kidogo ili mto usikupake usoni. Kuzidisha kipimo hakuleti nywele zaidi, bali mapigo ya moyo ya kasi. Kichwa kikiwasha sana, mara nyingi mkosaji ni kiyeyushi kilichomo, na povu lisilo nacho husaidia. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie, na chupa ikae mbali na mtoto. Pima matokeo baada ya miezi minne hadi sita kwa picha zilizopigwa mahali na mwanga uleule. Ukiacha, ulichopata huondoka ndani ya miezi michache.

Finasteridi, miligramu 1 kwa siku kwa wanaume, iliidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Hupunguza DHT, homoni inayokondesha vinyweleo. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuathiri hisia, na hushusha kipimo cha PSA cha tezi dume hadi karibu nusu, kwa hiyo daktari lazima ajue unaimeza. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika.

"Mashilingi ya mtoto ni ya kupaka tu"

Mashilingi ni ugonjwa wa fangasi wa kichwani. Fangasi hawa wameingia ndani ya unywele, na krimu haifiki huko. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika usawa wa ngozi anahitaji dawa ya kumeza: griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe, au tabinafini kwa kipimo cha uzito wake. Shampuu ya ketokonazoli hupunguza kuambukiza wengine, haitibu peke yake. Krimu ya steroidi huficha magamba huku fangasi wakienea. Kagua vichwa vya watoto wote wa nyumba hiyo, na kinyozi asafishe meno ya mashine kwa spiriti kila baada ya kichwa.

Wakati mwingine baka huvimba, likalainika kama jipu na kutoa usaha. Lisipasuliwe. Ni mwili unaopambana na fangasi walewale, na dawa yake ya msingi ni ileile ya kumeza, ianzishwe haraka, kwa sababu uvimbe wa aina hiyo ndio unaomwachia mtoto kovu lisiloota nywele.