Asubuhi ya 13 Agosti 1940: Dhana Potofu Kuhusu Misheni Zinazotengenezwa na Mashabiki

Mwaka 2011 ilitoka programu ya kuigiza urubani wa kivita iitwayo IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, ambayo humweka mchezaji juu ya maji yanayotenganisha Uingereza na Ufaransa katika kiangazi cha 1940, wakati jeshi la anga la Ujerumani lilipokuwa likijaribu kulivunja lile la Uingereza. Watengenezaji wake walipoacha kuishughulikia, kundi la mashabiki liitwalo Team Fusion liliendelea kuirekebisha, hadi kazi yao ikaingia katika toleo rasmi la 2017 lililopewa jina la Blitz. Kando ya kazi hiyo kubwa ipo nyingine ndogo isiyotajwa sana, nayo ni ya kutunga misheni: mtu huchagua siku moja ya vita, akapanga ndege, njia, hali ya hewa na maelekezo, kisha akawapa wenzake warushe. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na kila ninapoieleza hukutana na dhana zilezile. Nitazijibu kwa kutumia zaidi misheni moja, ya asubuhi ya 13 Agosti 1940, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha mengi.

Dhana: Kutunga misheni ni kuidukua programu, na ni kazi ya wataalamu wa kompyuta.

Sivyo. Programu huja na kihariri chake cha misheni, ambamo ndege huwekwa juu ya ramani kwa kubofya tu. Kinachohifadhiwa mwishoni ni faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Neno MAP hutaja ramani, TIME hutaja saa, CloudsHeight hutaja kimo cha mawingu, na Fuel hutaja kiasi cha mafuta kwa asilimia. Kila nukta ya njia ya ndege ni mstari mmoja ulioanza na neno kama NORMFLY, ukifuatwa na namba za mahali, kimo na mwendo. Msimbo wa kompyuta huhitajika pale tu mtunzi anapotaka matukio yasiyowezekana ndani ya kihariri, na misheni nyingi nzuri hazina hata mstari mmoja wa msimbo huo.

Dhana: Misheni yenye ndege nyingi zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na vita vyenyewe.

Dhana hii ina chanzo kinachoeleweka. Tarehe 7 Septemba 1940 Wajerumani walituma London ndege 348 za mabomu zikisindikizwa na ndege za kivita 617, na msomaji wa takwimu hizo hutamani kuliona wingu hilo la chuma kwenye kioo chake. Lakini kompyuta hulazimika kumfikiria kila rubani asiye binadamu, pamoja na kila mshika bunduki aliyemo ndani ya ndege ya mabomu, na zikizidi, picha huanza kukatikakatika hadi kulenga shabaha kunakuwa bahati nasibu. Zaidi ya hayo, rubani wa 1940 hakuviona vita vyote kwa mara moja. Aliona kipande chake cha anga, na mara nyingi, dakika chache baada ya mapambano kuanza, alijikuta peke yake angani asijue wengine wamekwenda wapi. Ndege thelathini zilizopangwa kwa akili humfikisha mchezaji kwenye hali hiyo kuliko mia tatu zilizomwagwa tu.

Dhana: Misheni ya kihistoria humweleza mchezaji kila kitu kilichotokea siku hiyo.

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Asubuhi ya 13 Agosti ilikuwa mwanzo wa shambulio kuu, na siku hiyo ya kwanza Wajerumani waliiita Siku ya Tai. Hali ya hewa ikaharibika, na amri ya kuahirisha ikatolewa. Amri hiyo iliwafikia wasindikizaji, waliorusha Messerschmitt Bf 110, lakini haikuwafikia wenye ndege za mabomu. Johannes Fink, kamanda wa kikosi cha KG 2, aliendelea mbele na Dornier zake zaidi ya sabini. Wasindikizaji hawakuweza kuzungumza naye kwa redio. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao, Joachim Huth, alipitapita mbele ya Dornier akipiga mbizi ili kumwonya, na Fink akadhani ni vijana wanaocheza. Wasindikizaji wakageuza, na Dornier zikaenda kuupiga uwanja wa Eastchurch, katika kisiwa cha Sheppey karibu na mdomo wa mto Thames. Uwanja wenyewe haukuwa wa kikosi cha ndege za ulinzi bali wa kile cha doria za pwani. Wapelelezi wa Ujerumani walikuwa wamekosea. Katika mapambano ya asubuhi hiyo, Dornier tano ziliangushwa.

Katika toleo langu la kwanza mchezaji alikuwa rubani wa Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, katika kikosi namba 111, na maelekezo niliyoyaandika yalisema wazi kwamba ndege za adui hazina wasindikizaji. Niliona fahari kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli. Wenzangu walipoirusha, wote walifanya jambo moja: waliziendea Dornier moja kwa moja, bila hata mmoja kugeuza shingo kulitazama jua, ambako wasindikizaji wangeweza kujificha. Rubani wa asubuhi ile asingethubutu kufanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba juu yake hakuna mtu. Nilikuwa nimempa mchezaji maarifa yaliyopatikana baada ya vita na kumnyang'anya hofu iliyokuwa ya haki yake.

Nililiandika upya. Maelekezo sasa yanasema tu kwamba ndege nyingi zinakuja kutoka mashariki na kwamba mawingu mazito yanawazuia waangalizi wa ardhini kuzihesabu. Sikugusa njia ya Dornier hata moja, wala idadi yao, wala silaha zao, na bado imekuwa misheni nyingine kabisa. Wachezaji hupanda, huzunguka, husita, na wengine huchelewa kushambulia kwa kuwasubiri wasindikizaji ambao hawapo. Kwa maoni yangu kusita huko kuna historia nyingi kuliko alama zote nilizowahi kuzipaka kwenye mabawa ya ndege.

Nimetunga pia upande wa pili, ambapo mchezaji huongoza Bf 110. Hupokea amri ya kurudi, huziona Dornier zikiendelea mbele, na redio haimsaidii. Wapo wanaouliza kama kuwapa watu kiti cha Mjerumani si kuushabikia utawala wa Hitler. Swali hilo ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Jibu langu liko katika maelekezo: huandika kile ambacho wafanyakazi wa ndege wangeambiwa kuhusu shabaha, kimo, njia na hali ya hewa, na sitii ndani yake neno lolote la kuwatukuza.

Dhana: Spitfire ndiyo iliyoshinda vita vile, hivyo misheni ya 1940 bila Spitfire haina ladha.

Spitfire ni ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, na ndiyo yenye jina zaidi; lakini vikosi vya Hurricane vilikuwa vingi kuliko vya Spitfire, na Hurricane ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za adui katika miezi ile. Asubuhi ya Eastchurch zote mbili zilikuwapo: Spitfire za kikosi namba 74 na Hurricane za kikosi namba 111. Mtunzi anayeziondoa Hurricane ili kuwaridhisha wachezaji ameibadilisha siku yenyewe.

Dhana: Saa na mafuta ni mambo madogo, weka saa sita mchana na tangi lijae.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana tumezoea kutazama saa inayoonyesha namba moja na kutamka nyingine. Katika kiangazi cha 1940 saa ya Ujerumani ilikuwa mbele ya saa ya Uingereza kwa saa moja. Mabomu ya Eastchurch yalianguka karibu saa moja asubuhi kwa saa ya Uingereza; Mjerumani aliyetazama mkononi aliona saa mbili. Mtunzi akichukua taarifa za Dornier kutoka maandishi ya Kijerumani na za Hurricane kutoka maandishi ya Kiingereza bila kusawazisha, pande hizo mbili hazitakutana angani kamwe, au zitakutana jua likiwa limepanda mno. Kwa misheni yangu niliandika TIME 6.5, yaani saa kumi na mbili na nusu, ili mchezaji apate muda wa kupaa na kupanda.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, ikitoka Ufaransa na tangi limejaa ilibakiwa na dakika kama kumi tu za kupigana juu ya London kabla ya kulazimika kurudi. Mtunzi akiianzisha ndege hiyo angani, karibu na pwani ya Kent, na kuacha Fuel 100, ameirudishia mafuta ambayo ingekuwa imeshayachoma tangu ilipopaa. Rubani wake hatakuwa na sababu ya kuitazama geji, na ile haraka ya kurudi nyumbani iliyoamua mapambano mengi itakuwa imefutwa kwa namba moja.

Dhana: Misheni hupimwa kwa kulinganisha idadi ya ndege zilizoanguka na ile iliyotangazwa vitani.

Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameangusha ndege 185 za Ujerumani. Hasara halisi ya Wajerumani siku hiyo ilikuwa karibu ndege 60. Hakukuwa na haja ya mtu kudanganya: marubani watatu wakiipiga ndege moja kwa nyakati tofauti, kila mmoja hurudi na kuripoti ndege yake. Kwa sababu hiyo sikuipanga Eastchurch iishe kwa Dornier tano lazima. Niliyapanga mazingira ya saa ile kwa uangalifu nilioweza, na mara nilizoijaribu zimeanguka mbili, saba, na mara moja hakuna, pale mawingu yalipozificha na mimi nikabaki nikizunguka juu ya mto Thames hadi mafuta yakanilazimisha kutua.